Nani Alitufundisha Kuogopa Mafuta?

Mara hii hatuandiki juu ya vita wala mipaka. Tunaandika juu ya mafuta ya kula. Msicheke. Kuna mtoto mmoja wa kwetu alianza kudhoofika kwa sababu ya hofu ya mafuta, na hilo ndilo lilitufanya tukae chini, tusome, tuulize wazee, halafu tuandike.

Ilianza hivi. Jumapili moja tulikutana Nyamirambo kama kawaida yetu. Mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, alitupikia sombe na bugali. Sombe yenyewe ilikuwa ya kikwetu kabisa: majani ya muhogo yaliyotwangwa, karanga za kusaga, na mawese mekundu yanaelea juu. Wengi tulinawa mikono haraka. Lakini watatu walikataa. Wa kwanza alisema mawese yanaziba mishipa ya moyo. Wa pili aliona video kwenye simu, eti mtu akiacha mafuta yote kwa mwezi mmoja anakuwa mpya. Wa tatu ni dada mwenye mtoto wa miezi 14. Yeye alisema nyumbani kwake ameshaacha mafuta kabisa, hata kwenye uji na mboga ya mtoto, ili moyo wake ukue safi.

Mama hakubishana naye. Alimchukua mtoto, akamshika mkono juu ya kiwiko, akauliza tu: "Na huyu amekonda hivi tangu lini?"

Kesho yake dada alimpeleka mtoto kwa mhudumu wa afya. Ule utepe wa kupima mkono ulisimama kwenye njano. Kwa wasiojua, kijani ni salama, nyekundu ni hatari kubwa, na njano maana yake mtoto ameanza kupungukiwa. Mhudumu akauliza mtoto anakula nini. Uji wa mahindi, viazi, dodo ya kuchemsha. Mafuta? Hapana. Karanga? Hapana. Mhudumu hakumgombeza. Alimwambia tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kubeba uji wa kutosha kumpa nguvu anazohitaji, na ndiyo maana uji unatiwa mafuta au karanga.

Dada yetu si mzembe. Alifanya vile kwa upendo. Swali letu likawa: hii hofu aliipata wapi? Wazee wetu hawakuwa nayo. Tulipofuatilia tukakuta ina historia, na historia hiyo inapita kwetu kabisa.

Zamani mafuta yalikuwa mali

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili tunasema mafuta. Kilingala ni mafuta. Kinyarwanda na Kirundi ni amavuta. Ni neno moja la mababu wa Kibantu, limetembea na watu kwa karne nyingi.

Hapa Rwanda mafuta ya heshima yalikuwa ya ng'ombe. Wanawake walitikisa maziwa ndani ya kibuyu kikubwa kiitwacho igisabo mpaka siagi itengane. Siagi hiyo ililiwa, na pia ilipakwa mwilini. Upande wa Kongo, na Burundi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mafuta yalitoka kwenye mchikichi: ndizo hizo mawese. Ukishuka mpaka pwani, Mombasa na Unguja, unakuta tui la nazi, ufuta na samli. Hakuna sehemu ambapo mzee alimwambia mtoto aogope mafuta. Walichoogopa ni kuyakosa.

Na Wazungu je? Nao waliogopa kuyakosa. Mwaka 1869 Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès alitengeneza majarini, kwa sababu Kaisari Napoleon III alitaka kitu cha bei nafuu cha kuchukua nafasi ya siagi kwa askari na maskini. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vinakua, watu wa mijini wameongezeka, siagi haitoshi. Sabuni pia inataka mafuta. Sasa mafuta mengi yatatoka wapi?

Yatatoka kwetu. Mwaka 1911 mfanyabiashara Mwingereza William Lever, yule wa sabuni ya Sunlight, alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji. Alipewa haki kwenye maeneo matano ya duara huko Kongo, kila moja lenye nusu kipenyo cha kilomita 60, achague humo ardhi isiyozidi hekta 750,000. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge. Mji wake mkubwa uliitwa Leverville. Leo unaitwa Lusanga, mkoa wa Kwilu. Watu walilazimishwa kupanda michikichi mirefu na kukata mikungu kwa malipo madogo sana. Mwaka 1931 Wapende wa eneo hilo waliasi. Serikali ya kikoloni ikatuma askari, na mamia ya Wapende wakauawa. Kampuni ya Lever ilikuwa tayari imeungana na kampuni ya majarini ya Uholanzi, ikawa Unilever.

Tulipomsomea mama wa Uvira habari hii alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe mawese waliyataka hivyo? Na leo tunaambiwa ni uchafu."

Karanga za Kongwa

Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Siagi, majarini na mafuta ya kupikia vilikuwa vinagawiwa kwa kadi, kila mtu na kipimo chake, kama rasheni tunayoijua sisi wa kambini. Basi mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa wazo: tulime karanga Tanganyika, eka zaidi ya milioni tatu, tukamue mafuta, tuwalishe Waingereza.

Kazi ilianza Kongwa, katikati ya Tanganyika, kisha Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta yaliyotumika tayari, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mibuyu ilikuwa migumu kung'oa. Udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mvua haikutosha, na Wagogo wa Kongwa wangeweza kuwaambia hilo mapema kama wangeulizwa. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilifunga mradi, na paundi milioni 36 za walipa kodi zikawa zimepotea.

Ndugu zetu wa mashirika, hii sehemu tumeiweka pia kwa ajili yenu. Mradi mkubwa ulipangwa mbali, na wenyeji hawakuulizwa juu ya udongo wao. Tunaamini mnaelewa.

Angalia sasa tarehe. Uingereza iliondoa kadi za siagi na mafuta mwezi wa Mei 1954. Mpaka siku hiyo, mafuta yalikuwa kitu cha kutafutwa. Mwaka mmoja tu baadaye upepo uligeuka.

Hofu inazaliwa

Tarehe 24 Septemba 1955, huko Denver, rais wa Marekani Dwight Eisenhower alipata shambulio la moyo. Alikuwa na miaka 64. Daktari wake wa moyo, Paul Dudley White, alielezea ugonjwa huo kwa waandishi wa habari, na nchi nzima ikawa inazungumza juu ya moyo, mishipa na kolesteroli. Wakati huo wanaume wengi wa Marekani walikuwa wanakufa kwa moyo, kwa hiyo woga ulikuwa na sababu. Lakini kuna jambo lilizungumzwa kidogo: Eisenhower alivuta sigara nyingi sana kwa miaka mingi, akaacha mwaka 1949 tu.

Mtafiti aliyesikilizwa zaidi aliitwa Ancel Keys. Mwaka 1958 alianza utafiti mkubwa katika nchi saba: Marekani, Ufini, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Mwaka 1961 picha yake ilitoka kwenye jalada la jarida la Time. Utafiti wake una wakosoaji mpaka leo, lakini alichokuta kinafaa kujulikana. Mashariki ya Ufini, watu walikula siagi na maziwa yenye mafuta mengi, na ugonjwa wa moyo ulikuwa juu kabisa. Kisiwa cha Krete, Ugiriki, watu walikula mafuta mengi karibu sawa na wale wa Ufini, lakini moyo wao ulikuwa mzima. Tofauti kubwa kwenye sahani: watu wa Krete walitumia mafuta ya zeituni, mboga, kunde na samaki.

Kwa hiyo tangu mwanzo habari yenyewe ilikuwa juu ya aina ya mafuta. Lakini habari ikisafiri inakatika. Ni kama simu ya kupokezana. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani, chini ya seneta George McGovern, ilitoa malengo ya chakula, na mwaka 1980 serikali ikatoa mwongozo wake wa kwanza. Ilisema mambo kadhaa, lakini kilichobaki kichwani mwa watu ni neno moja: mafuta ni mabaya. Viwanda vikaona biashara. Wakatoa mafuta kwenye biskuti na mtindi, wakaweka sukari ili utamu usipotee, halafu wakaandika kwenye pakiti kwamba ni chakula cha afya.

Na sukari yenyewe ilikuwa na watetezi. Mwaka 2016 watafiti walionyesha, kwa barua za zamani, kwamba shirika la wafanyabiashara wa sukari Marekani lililipa wanasayansi wa Harvard waandike makala, iliyotoka mwaka 1967. Makala hiyo iliweka lawama kwenye mafuta na kuipunguzia sukari lawama. Malipo hayo hayakutajwa ndani yake.

Hofu hiyo ikapanda ndege, ikaingia kwenye magazeti, kisha kwenye simu zetu. Imetoka kwenye nchi ambayo watu wake walikula nyama na siagi kila siku. Imefika kwenye chumba kimoja Kigali ambapo mtoto anakula uji mtupu.

Kosa kubwa lilikuwa kwingine

Kuna mafuta ambayo kweli yanastahili kuogopwa, na kwa miaka mingi hayakuogopwa. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alisajili njia ya kugandisha mafuta ya maji kwa kutumia hewa ya haidrojeni. Mwaka 1911, mwaka uleule Lever anapewa Kongo, kampuni ya Procter & Gamble ilianza kuuza Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa njia hiyo. Yalikuwa ya bei nafuu na hayaharibiki upesi. Kugandisha huko nusunusu kunazalisha mafuta yanayoitwa transi.

Watu walipoanza kuogopa siagi, wengi walikimbilia majarini ngumu, yenye transi nyingi. Walikimbia mvua wakaingia mtoni. Mwaka 1990 watafiti Waholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba transi zinapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Denmark ikaweka sheria ya kuzibana mwaka 2003. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka nchi zote ziondoe transi za viwandani kwenye chakula.

Wakati huohuo sayansi nyingine ilikuwa imeshaonyesha kwamba bila mafuta mwili haukui. Mwaka 1913, chuo cha Wisconsin, Elmer McCollum na Marguerite Davis waliona panya wadogo wanaacha kukua wakikosa kitu fulani kilichomo kwenye siagi na kiini cha yai. Kitu hicho tunakiita leo vitamini A. Mwaka 1929, chuo cha Minnesota, mume na mke George na Mildred Burr walionyesha kwamba kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima yaliwe. Panya waliokosa waliumwa ngozi na kudumaa.

Haya mnayajua kwa macho, ninyi mliopita kambini, Kiziba, Nyabiheke au Mahama. Kwenye rasheni, pamoja na mahindi, maharage na chumvi, kulikuwa na mafuta, nayo yanatiwa vitamini A na D. Hayakuwekwa kwa ajili ya utamu. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ya maharage inatoa karibu 4.

Na mtoto akifika kwenye nyekundu anapewa nini? Anapewa kile kipakiti kama siagi ya karanga. Plumpy'Nut ilibuniwa mwaka 1996 na daktari Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne. Ndani yake kuna karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500, na karibu nusu au zaidi ya nguvu hizo zinatoka kwenye mafuta. Hata maziwa ya mama: karibu nusu ya nguvu yake ni mafuta. Kwa hiyo yale tunayomkatalia mtoto kwa hofu ndiyo yaleyale hospitali itamrudishia kwenye kipakiti.

Sasa hapa Kigali tufanye nini?

Sisi si madaktari. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au presha amsikilize daktari wake kwanza. Lakini haya tumeyapata kwa kusoma na kwa kuuliza wahudumu wa afya, na tunayasema bila woga.

Mafuta ya kupendelea ni yale laini ya mimea na samaki. Avoka inayouzwa barabarani ni mafuta mazuri kabisa, ya jamii moja na zeituni. Karanga nazo hivyohivyo, ila ziwe kavu. Zenye ukungu tupa. Alizeti na soya ni mazuri kwa kupikia. Sambaza wa Ziwa Kivu, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wana omega-3, na unawala wazima na mifupa yao.

Mafuta ya kula kwa kiasi ni siagi, samli, mafuta ya nyama, nazi na mawese. Hapa tuseme ukweli wote. Karibu nusu ya mawese ni mafuta magumu, yale ambayo mtu mzima akiyazidisha yanapandisha kolesteroli. Lakini mawese mekundu, ambayo hayajasafishwa kiwandani, yana asili ya vitamini A kwa wingi kuliko karibu chakula kingine chochote. Wekundu wake ndio hiyo dawa. Ukiyachoma kwenye sufuria mpaka yawe meupe umeshaiua. Kijiko kwenye sombe ya mtoto ni chakula. Sufuria nzima kila siku kwa mzee mwenye presha ni jambo lingine.

Mafuta ya kukwepa ni yale yaliyogandishwa nusunusu kiwandani, na yale yaliyokaangiwa tena na tena mpaka yakawa meusi. Mandazi na sambusa za kona hazina kosa lenyewe. Angalia rangi ya mafuta kwenye karai.

Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2023, linasema mtu mzima mafuta yasizidi asilimia 30 ya nguvu anazokula, na yale magumu yasizidi asilimia 10. Halikusema sifuri. Na mboga kama dodo na karoti inataka mafuta kidogo, maana bila mafuta ile asili ya vitamini A iliyomo haiingii vizuri mwilini.

Tuna neno pia juu ya zile Jumapili za bila magari, zilizoanza hapa Kigali mwaka 2016. Tunakimbia, tunacheza, na watu wanapimwa presha na sukari bure. Ni jambo jema, nendeni. Lakini tumeona mtu akiambiwa presha iko juu anaacha mafuta yote kesho yake, huku chumvi iko palepale, sigara iko palepale, na soda chupa mbili kwa siku. Anayechukua lawama ni mawese peke yake.

Kwenu ndugu wa mashirika: mkija na mabango ya lishe, msiandike tu "punguza mafuta". Anayesoma bango lile ni baba mwenye kitambi na ni mama mwenye mtoto wa njano. Andikeni mafuta gani, kwa nani, kiasi gani. Na kabla hamjaandika, waulizeni kina mama wanapika nini.

Mtoto wa dada yetu anaendelea vizuri. Uji wake sasa una karanga za kusaga, mboga yake ina kijiko cha mafuta, na avoka anaipenda mpaka anajipaka usoni. Baada ya wiki kadhaa utepe ulirudi kijani. Dada alilia kidogo siku ile, tukamwambia asijilaumu, kwa maana hofu ile hata sisi wengine tulikuwa nayo.

Jumapili iliyofuata mama wa Uvira alipika tena sombe. Safari hii hakuna aliyekataa. Yule wa video aliuliza tu kama anaweza kupata kidogo bila kuongezwa mafuta juu, na mama akamwekea hivyo, bila maneno. Ninyi mnaosoma, muulizeni bibi yenu au mama yenu kwao walitumia mafuta gani na waliyapataje. Mengi ya haya sisi tulianza kuyajua kwa swali hilo.